Kipara cha Maige

Kijiji cha Ujamaa Isole,
Sengerema.
14 Novemba 1976

Mpendwa wifi Odeta,

Pokea salamu zetu zote. Hujambo huko Morogoro? Shemeji na watoto je? Kile kifua kimepona, au vumbi la kiwandani bado linakusumbua? Huku mvua imeanza. Kabla ya mengine, ujue kwamba kaka yako Ndalahwa yu hai. Ukisikia lingine kwa mtu yeyote, usilie.

Aliugua homa ya kupe. Josho halina dawa tangu kiangazi, akawa anawabandua kupe wa ng'ombe kwa vidole na kuwapasua kwa kucha. Homa ikampanda, kisha fizi na pua zikaanza kutoka damu. Mimi na mdogo wenu Maige tukamvusha kwa pantoni hadi hospitali mjini Mwanza.

Daktari alimtoa damu, akaitia kwenye kichupa na kukiinamisha mara kwa mara. Damu ikabaki nyepesi kama maji. Akatueleza kwa upole kuwa wagonjwa ambao damu yao haigandi, wengi hawaponi, lakini tungoje, maana ikianza kuganda kuna matumaini. Maige hakuingoja hiyo “lakini” ya daktari. Alichukua nusu ya maneno akarudi nayo nyumbani.

Wifi, alinyoa kipara cha msiba kaka yake angali anapumua. Akavaa koti la Ndalahwa, akakalia kiti chake, akamwambia mama kuwa mimi atanirithi yeye. Hayo ningeyacheka. Ila aliwakataza watu kuniletea unga wa uji wa mgonjwa, eti wasije wakalisha maiti. Ndalahwa alipoweza kumeza, nilikuwa naomba uji kwa wenye wagonjwa wao. Hilo simsamehe, na sioni haya kukuandikia wewe dada yake.

Siku daktari alipoinamisha kichupa na damu ikawa imeshikamana, nililia mbele yake.

Nimetangulia kuja kutayarisha nyumba. Koti nimemvua Maige kwa mikono yangu. Nywele ndizo haziwezi kurudishwa. Ameazima kofia, haivui hata akila, na ananibembeleza nimwambie kaka yake kuwa alinyoa kwa ajili ya chawa. Nimemwitikia tu haya, haya.

Ndalahwa anafika Jumapili ijayo. Nitachinja jogoo, na Maige nimemtengea kiti cha kutazamana na kaka yake. Katekista Clavery atatuongoza kushukuru, na unajua kwetu mwanamume hasali na kofia kichwani. Mimi sitasema neno. Nimemwomba tu katekista sala isiwe fupi.

Mama Teodora anakusalimu sana, na mwanangu Malimi pia. Wabusu watoto. Mungu awakinge na homa, awakinge na warithi wenye haraka.

Wifi yako akupendaye, asiye mjane,
Wilhelmina