Santuri Tatu, Ndugu Watatu

Mwangaluka, Masanja.

Hutaitikia, najua. Nimezoea tu kukuamkia hivyo ukiingia dukani kutoka mgodini Mwadui, vumbi mpaka kwenye kope, na hata salamu hujibu, unauliza, "Fundi, betri zimeota jua?" Maana tulizianika juu ya bati ili zipate nguvu ya kuzungusha santuri upande mmoja.

Nimetoka Masumbwe, na sina mtu wa kumweleza akanielewa. Mke wangu ananiambia niache, ni sahani tu zile.

Siku ya kuanua matanga yako, baba yako mkubwa alizipanga santuri zako tatu kwenye mkeka, pamoja na koti, viatu na baiskeli. Zile alizokuachia Mzungu wa karakana alipokuwa anarudi kwao. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Hizi zisitenganishwe. Ni za mpiga gitaa mmoja, tangu ujana wake hadi uzee." Mashine ya kuzipigia iko kwangu, niliiunga mwenyewe kwa mabaki, kwenu hakuna mwenye nayo. Akacheka. "Santuri tatu, ndugu watatu. Mungu kashagawa, wewe fundi unataka kujumlisha nini?" Watu wakaangua kicheko, matangani. Sijamsamehe.

Hawajui walichogawa. Ile ya kwanza, yenye jalada lililoliwa na mchwa, yule Mmarekani mweusi yuko peke yake na nyimbo zake za bluzi na, kwa masikio yangu, maiki moja tu. Mimi nilikuwa natengeneza redio. Kusikiliza ulinifundisha wewe. "Sikiliza mguu wake, Fundi." Nikasikia. Kisigino kinagonga ubao. Kiti kinalia akiinama kuvuta uzi. Kabla ya kila ubeti anavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia. Hakuna aliyeyaondoa hayo. Besi haivimbi, uzi mwembamba hauchomi masikio, na akinyamaza unausikia ukimya wa chumba alichokaa. Ya pili wamemwongezea ngoma na piano, lakini wamezikalisha nyuma, gitaa linabaki mbele kama mwenye nyumba.

Ya tatu ilitugombanisha. Wewe ukisema ni safi. Mimi nikisema ni safi kama nyumba iliyohamwa: mwangwi mtupu, mguu hakuna, pumzi hakuna, kama wamemwimbisha ndani ya pipa. Ukanijibu, "Mzee amechoka, wanamfichia." Nilikubishia miaka. Sasa nakumbuka vidole vyake vinavyochelewa na naona ulisema kweli.

Labda ulijua kwa sababu wewe mwenyewe ulishaanza kukohoa. Uliniomba nikurekodi ukipiga gitaa, ukataka redio kaseti niiweke mbali, mlangoni, ili tuchukue na chumba. Nikakuwekea kreti ya soda chini ya mguu, maana sakafu ya saruji haisemi. Ukapiga nyimbo zake kwa namna yako, nyingine ukaziimba Kisukuma. Baadaye nikavunja vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Ukaondoka nayo. Ulipofariki ikaenda kwa mdogo wako Limbu, kwa kuwa yeye ana redio kaseti.

Ndiyo niliyoifuata Masumbwe, juu ya lori la pamba. Santuri ya kwanza, Masanja, iko kwa Limbu, inafunika mtungi wa maji. Kata imekaa juu yake, pale kwenye tundu. Ya pili iko Nkome kwa kaka yako. Nasikia iliachwa juani kwenye dagaa, ikajikunja. Ya tatu hakuna anayejua iliko.

Limbu alinipokea vizuri, akaniwekea ugali. "Kaseti ya kaka? Ipo, nzima kabisa!" Akaiweka. Harusi yake. Vigelegele, na mtu anapima maiki, moja mbili, moja mbili. Alikuwa amejaza karatasi kwenye vile vitundu nilivyovunja. Kila mtu anafanya hivyo siku hizi, kaseti mpya utaitoa wapi? Wateja nawajazia mimi mwenyewe.

"Imeshika vizuri, sivyo fundi?"

Nikasema imeshika. Nikamaliza ugali.

Aliniruhusu niichukue. Mwishoni harusi inakatika, unabaki wewe. Kisigino kwenye kreti. Uzi mmoja. Kikohozi. Halafu, "Zima, Fundi, unamaliza betri." Basi. Ndicho kilichobaki cha Masanja duniani, na wala si wimbo.

Niliirudia tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha nikafanya ninachofanya kwa kila mashine, nikafuta hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Nilishakuonyesha kitu hicho: ni unga wa utepe, na sauti inakaa kwenye ule unga. Kila nikikusikiliza, nakufuta.

Kwaheri, Masanja. Kaseti nimeifunga kwenye kitambaa, nimeiweka mbali na joto na mbali na sumaku za spika. Nakuahidi sitakusikiliza tena.

Ile pamba nimeshindwa kuitupa.

Fundi wako