Majibu Niliyoyasoma Peke Yangu

Likasi, Kikula, tarehe 14 Juni

Kwako Yaya Marcelline, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe pamoja na shemeji na watoto wote hapo Kapolowe. Mguu wako unaendeleaje? Na mahindi, yameshaingia ndani au bado mnashindana na nguruwe pori? Huku baridi imetukamata vikali. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayoniuma, na ndiyo maana nimechukua karatasi badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungenifariji kabla hujajua unamfariji nani.

Tangu mliporudi baada ya kilio cha Elikia wetu, miezi miwili sasa, nyumba imekuwa kubwa mno. Hakuna mtu wa kugombana naye avae soksi. Wamama wa parokia wanakuja, wananiambia mwanangu kufa ni mpango wa Mungu, nimtumaini tu. Naitikia amina. Yaya, ile amina si yangu.

Tena nina habari: nina mimba ya miezi mitatu. Mume wangu Dominique alipojua alipiga magoti palepale jikoni akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilimpa mgongo, nikaendelea kusonga ugali wa bukari uliokwisha kuiva.

Unakumbuka daktari alisema Elikia alikuwa na SS, ule ugonjwa wa damu, kwamba mimi na mume wangu kila mmoja anabeba nusu yake, na mtoto akazikusanya nusu zote mbili. Dominique alibisha. Alisema tulipimwa damu kabla ya ndoa kama paroko alivyotaka, mimi mchumba wake nikaenda kuchukua majibu, yakawa mazuri. Basi aliyekosea ni Stanislas, yule wa maabara. Ulikuwepo Stanislas alipokuja kutupa pole, Dominique akamshika kola mbele ya watu wote, akimfukuza uani kwetu: “Njo weye uliua mutoto yangu! Toka mu lupango!” Yule baba wa watu alinitazama nilipoketi kwenye mkeka, akavaa kofia yake, akatoka.

Tangu siku ile ameharibikiwa. Kwenye misa watu hawampi mkono wa amani. Wagonjwa wanakataa awatoe damu. Na sasa Dominique ameandika barua ya kumshtaki kwa mkuu wa maabara, ili afukuzwe kazi. Yeye ameshaweka sahihi. Nafasi ya sahihi yangu iko wazi, na anarudi kesho mchana kutoka zamu yake kwenye kituo cha umeme cha Koni.

Yaya, keti kwanza. Stanislas hakukosea. Majibu alinieleza mwenyewe, polepole, akarudia mara mbili, kwamba sisi wote wawili tunabeba ile nusu. Akaniomba nirudi na Dominique atueleze pamoja. Nilimwahidi. Nikatoka, nikaichana karatasi vipande vidogo, nikavitupa chooni. Paroko aliponiuliza nilisema majibu ni mazuri, naye aliniamini bila kudai karatasi, maana nilikuwa mtu wa kwaya. Stanislas naye aliponiuliza, nilisema Dominique anajua na amekubali.

Sikufanya kwa ubaya, au labda huo ndio ubaya wenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, wachumba wawili wameshaniacha. Nilisali novena, na siku ya tisa kabisa Dominique akaja kunitaka. Nikajiambia Mungu hawezi kunipa mume na kuninyang'anya kwa kikaratasi cha maabara. Nikaiita hiyo imani. Kumbe nilikuwa nimeshaamua mwenyewe, nikataka Mungu atie sahihi tu. Aliyelipa ni Elikia, kwa mifupa yake. Ulimsikia alivyokuwa akilia.

Leo asubuhi nilimfuata Stanislas kwake, nikamuuliza kwa nini amenyamaza. Alisema siri ya mgonjwa si yake kuitoa. Alisema alikuwa akingoja nichoke.

Nimechoka, Yaya. Sitaweka sahihi. Kesho nitamwambia Dominique yote kabla hajavua viatu, maana akishakula nitapata tena sababu ya kungoja. Sijui kama atanifukuza. Sijui huyu aliye tumboni amechukua nusu ngapi. Zamani ningeomba ishara. Leo siombi yoyote. Namtumaini Mungu bila kujua anataka nini na mimi, na ninaogopa sana.

Ukiniona nimeshuka kwenye gari hapo na mfuko mmoja, usiniulize kitu mbele ya watoto. Na usimwombe Mungu kwamba Dominique anisamehe. Omba tu kesho nisinyamaze.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto mmoja mmoja kwa niaba yangu, na uutunze huo mguu.

Mdogo wako,
Bibiane