Sifuri za Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujaniita mjinga ujue nimeshajiita mwenyewe. Mimi ni fundi kompyuta, hospitali imenichukua kwa majaribio ya miezi mitatu niunganishe hifadhidata mbili, ya chumba cha kadi na ya maabara, ili muuguzi akiandika namba ya mgonjwa aone majibu ya vipimo hapo hapo, na mkuu wa chumba cha kadi ni mama mkwe wangu, kwa hiyo unaweza kuona nilivyojibana tangu siku ya kwanza. Sasa mifumo ilikataa kuungana, kila nikijaribu inaniandikia kwamba aina za data hazilingani, nikachimba siku mbili nikagundua kwamba namba ya kadi kwa mama imehifadhiwa kama maandishi, maabara wanayo kama namba, basi nikaigeuza ya mama nayo iwe namba, sifuri za mwanzo zikadondoka, ikakubali, mkurugenzi akanipongeza mbele ya watu, nami nikavimba kichwa. Mama mkwe alikuwa ameniambia mapema, "Baba, hizo sifuri za mwanzo usiziguse," nikamjibu kwa adabu zote, "Mama, hayo ni mapambo tu, kompyuta haiyahitaji." Akanyamaza.

Jana akaniita dirishani kwake, akanipa kadi mbili zilizochakaa, mwandiko wake mwenyewe. "Tafuta hii yangu, 4127. Halafu tafuta ya mke wako, 04127." Nikatafuta, kompyuta ikaleta mtu mmoja, mwanamke mwenye makundi mawili ya damu. Akaniuliza, "Mke wako yuko wapi hapo, baba?" Ndipo akanieleza kwamba tangu alipoanza kazi, kila mtoto anayezaliwa pale hupewa namba ya mama yake na sifuri moja mbele, wa pili sifuri mbili, ili mama na wanawe wasipotezane kwenye rafu. Mshauri, aibu niliiona, lakini zaidi nilistaajabu, miaka minne ya chuo sijawahi kubuni kitu kizuri namna ile. Hajamwambia mtu. Amesema atanyamaza mpaka Ijumaa ili niseme mwenyewe, na Jumatatu wauguzi wanaanza kutumia mfumo. Nikikiri naona kazi inaota mbawa, je, nikirekebisha kimyakimya kuna ubaya?

Fundi mwenye mkwe

Pole, fundi. Kuumbuka mbele ya mkwe hakuna dawa ya dukani.

Lakini ubaya upo, tena mkubwa. Mfumo ulipokataa ulikuwa unakuambia kweli, wewe ukaulazimisha useme ndiyo. Namba ambayo hujumlishi wala hugawanyi ni jina la mtu, nawe umefuta majina ya watoto wa watu. Jumatatu kuna mtoto atapewa dozi ya mama yake.

Na huyo mama! Barua yako nimeirudia mara tatu kwa ajili yake tu. Angeweza kukuanika kikaoni, akakuita dirishani. Wakwe wa namna hiyo hawaokotwi njiani, bwana.

Usingoje Ijumaa. Leo hii nenda kwa mkurugenzi, sema "Nimekosea, Jumatatu tusifungue," na usimletee habari za changamoto za kiufundi. Rudisha nakala uliyohifadhi kabla ya kubadilisha, na kama hukuhifadhi, likiri na hilo. Pande zote mbili ziwe maandishi. Maabara, kwa kuwa wao walihifadhi namba tangu mwanzo, sifuri zilishapotea zamani, na usithubutu kuzirudisha kwa amri moja, maana kompyuta haijui nani mama, nani mtoto wa pili. Toeni fomu za vipimo kabatini, mlinganishe jina na tarehe ya kuzaliwa, moja moja. Mama asome, wewe uandike, na kiti kizuri akalie yeye.

Kazi ikiota mbawa utatafuta nyingine, mikono unayo. Mkimaliza, andika 04127. Akitokea mke wako peke yake, na kundi lake moja la damu, mwite mama aje aone. Safari hii, wewe ndiye unyamaze.