Mkate wa Mwalimu Chumo

Cheryl uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Niko kwa parking hapa Laurel, huku majuu.

Unajua hii diet yangu ya paleo, nyama na majani tu kama watu wa mapangoni. Nimeingia drive-through, pale unaitisha chakula ukiwa kwa gari, nikaitisha burger bila mkate. Mzee wa kwa spika akauliza, "No bread?" Nikasema no. Akauliza tena. Mara ya tatu nikamfokea, na ile kizungu yangu ya mapua: "I said I don't eat bread!"

Akaniambia tu nisonge mbele kwa dirisha.

Nafika kwa dirisha, Cheryl, ni Mwalimu Chumo. Chumo wetu wa class six! Amevaa kofia ya kazi, na nywele ni mvi tupu.

Yule alikuwa ananikatia nusu ya mkate wake kila break ya saa nne, ule mwaka mama alikuwa amelazwa na nilikuwa nakuja shule na njaa.

Akanipa mfuko kwa mikono miwili, akasema polepole, "Edah, nilikujua kwa sauti. Ndiyo maana nilikuwa nauliza."

Nilikujua kwa sauti!! Yaani nikimfokea alijua ni mimi.

Gari ya nyuma ikapiga honi, nikaondoka bila kusema asante.

Sasa ndio nimefungua mfuko. Nyama imefungwa na majani, vile nilitaka. Chini yake kuna mkate, kwa karatasi yake peke yake.

Ni nusu.