Vibonge Kwenye Orodha ya Waliopungua

Chikongola, Mtwara
14 Agosti 2006

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Mgongo unaendeleaje? Na mikorosho, imeanza kutoa maua? Huku sote wazima, na mjukuu wako Rukia ndiye mzima kutuzidi. Yuko hapa miguuni ananipigia kelele anataka kalamu.

Barua yako nimeipata. Umesema kama kliniki imeandika mtoto amepungua uzito, basi niache kazi ya kompyuta pale zahanati, nimlete Madimba umlee mwenyewe. Mama, nililia. Nilijiona kweli nimemnyima mwanangu maziwa kwa ajili ya mashine.

Sasa sikia ya Jumanne. Nesi Magreth aliwaita watoto wote ambao kompyuta imewataja kuwa wamepungua. Tukafika akina mama wanane. Kumbe watoto saba ni vibonge watupu! Nesi akamshika Rukia paja, akauliza huyu amekonda wapi, labda masikioni. Akampima upya: kilo kumi na kitu. Mwezi uliopita alikuwa tisa na nusu. Wale saba wote walikuwa ndiyo kwanza wamevuka kumi.

Fundi Filipo, anayetufundisha kompyuta, akaelewa mara moja. Mashine ilikuwa inasoma kumi kama neno, si kama namba. Kwenye maneno inaanza kutazama alama ya mwanzo: ya kumi ni moja, na moja ni ndogo kuliko tisa. Basi kila aliyefika kumi ikasema amepungua.

Lugha iliyotumika kuandika programu hiyo haina masharti, Mama: inatenda huku inasoma, haiulizi kipi namba kipi neno. Unaweza kuiamuru ikague yote na kuyatafsiri kwa lugha ya mashine kabla ya kuanza kazi, lakini amri hiyo ilikuwa inaandikwa mwanzoni mwa kila faili, na kwenye faili la uzito ilisahauliwa. Filipo akaonyesha pa kuiweka mara moja tu, kwenye mipangilio, ikawa ndiyo kawaida ya mafaili yote, hata la msahaulifu. Ilipowashwa, kompyuta ikagoma palepale, ikataja mstari: hapa umeniahidi namba, unanipa neno. Tulicheka! Kosa likarekebishwa, orodha ikabaki na mtoto mmoja tu, naye ameshaanza uji wa lishe.

Mama, katika barua yako ulimwapiza aliyeitengeneza programu ile inayonishika kazini, ukasema mikono yake ikauke. Naomba uifute dua hiyo leo, kabla ya magharibi. Ni mimi, Mama. Nilikudanganya kwamba napiga chapa tu, maana niliogopa utasema mtu wa darasa la saba anajitia nini. Faili lile niliandika huku namnyonyesha Rukia; akaning'ata, nikasahau amri. Na kulirekebisha nimelirekebisha mwenyewe.

Ijumaa tunakuja. Mpime Rukia mwenyewe kwenye mizani yenu ya korosho. Ikisoma chini ya kumi, mtoto nakuachia na kazi naacha. Ikifika kumi, nibariki nirudi naye mjini.

Baba Rukia anawasalimu nyote. Msalimie Baba, mwambie asimchinje yule jogoo mpaka tufike.

Ni mimi mwanao, ambaye mikono yake bado haijakauka,
Riziki