Hesabu ya Kifua cha Mama

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Wewe je, kifua bado kinabana ukipanda ngazi?

Kaka ananiambia umekataa picha ya moyo kwa sababu eti mashine ya CT inaleta saratani. Mama, kupima mionzi ya mashine hizo ndiyo kazi yangu hapa hospitalini! Tuna sanamu ya mtu, haina mikono wala uso. Tunaipachika vipimo kifuani, tunaipitisha kwenye mashine, kisha naona mionzi kiasi gani imefika kwenye mapafu na matiti. Naingiza umri wa mgonjwa, kompyuta inakadiria hatari ya kuja kuugua. Nimeingiza umri wako. Jibu ni karibu na sifuri. Nenda, tafadhali. Mficha maradhi kilio humfichua.

Kitindamimba wako

14 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mimi hivyo hivyo. Ngazi zinanishinda, ulimi bado. Kumbe miaka yote ile ya shule ilikuwa ya kuchezea mwanasesere!

Binti wa jirani naye kaandikiwa picha hiyo. Nesi kamwambia yeye, kwa kuwa ni kijana, hatari yake ni kubwa kuliko yangu. Mashine ile ile, mionzi ile ile. Najua ng'ombe hazeeki maini, lakini tangu lini kifua kikuukuu kikawa kigumu kuliko kipya? Nieleze.

Mama yako

6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Nimechelewa kwa sababu sikujua nianzie wapi, na wewe hudanganyiki.

Saratani ya mionzi haina haraka. Hukaa mwilini kimya miaka kumi, ishirini, ndipo ijitokeze. Kompyuta inatazama mtu amebakiza miaka mingapi. Binti wa jirani, ikija, itamkuta yupo. Wewe, kwa umri wako, inahesabu kwamba haitakukuta. Ile sifuri imetoka hapo. Nisamehe. Bado nakuomba uende.

Kitindamimba wako

11 Mei

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Hujajibu. Kaka anasema umegawa nguo zako nzuri, na ukiulizwa unasema, "Kompyuta ya mdogo wako imeshanizika."

Naogopa, Mama. Jana niliilaza sanamu mezani, na nilipogeuka ulikuwa wewe: mabega yako, jinsi unavyolala huku unasikiliza. Nikaifunika shali yangu. Wenzangu walicheka. Nilipoifunua, kifua cha plastiki kilikuwa na joto.

Andika hata mstari mmoja.

Kitindamimba wako

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii si salamu tu.

Nimekwenda. Kaka yako alinipeleka mzobemzobe. Nikalazwa, ile pete kubwa ya mashine ikaanza kuzunguka, halafu nikakusikia. "Vuta pumzi. Zuia." Sauti yako, nimekuzaa, siwezi kukosea. Nikakuita. Hukuitika. Ukarudia maneno yale yale, vile vile, kama mtu asiyenijua. Nililia mle ndani. Mpiga picha akaniambia ni sauti iliyorekodiwa, mashine yao imeinakili kutoka hospitali yenu. Si ungeniambia!

Daktari kaona mishipa safi. Maumivu ni ya tumbo, asidi inapanda. Akasema moyo huu unaweza kunipeleka miaka ishirini mingine. Nilicheka mpaka getini.

Nilipofika nyumbani nikavua blauzi, nikakitazama kifua kwenye kioo, kicheko kikakauka. Kama miaka ishirini ninayo, basi hiyo saratani inayokaa kimya nayo ina muda wa kunisubiri. Tangu siku hiyo nakitegea kifua sikio. Naogopa, mwanangu. Tangu barua yako ya Aprili sikuwa nimeogopa chochote, maana maiti haogopi.

Basi piga hesabu upya. Safari hii nihesabu kama mtu atakayekuwepo.

Mama yako