Ndagala Wasio na Mchanga

Mama, shikamoo.

Mhandisi mkuu wa mradi wa bandari ametamka leo asubuhi, mbele yetu waandishi wa habari, kwamba kile kisiwa kipya "si mahali pa kuanikia chakula." Naanza na hilo kabla hata ya kuuliza goti lako, kwa sababu mchana nilipokupigia simu kukuomba usilifungue gunia la mama mdogo Zaina, ulicheka ukasema dagaa ni dagaa.

Goti linaendeleaje? Kaka Ramadhani akusomee pole pole, asiruke mahali nilipokasirika.

Chini ya gati la Bujumbura kulikuwa na matope ya miaka mingi: mafuta ya meli, maji ya viwandani, kila kilichoteremshwa na mitaro ya mji. Meli zikaanza kukwama. Wakajenga kisiwa cha kuyahifadhi: ukuta wa mawe humo humo ziwani, ndani yake kitambaa kizito, kisha matope yakasukumwa kwa bomba. Juu palipaswa kufunikwa kwa udongo safi. Udongo haujaja. Kiangazi kimekuja, na matope yamekauka yakawa magumu kama sakafu.

Unamjua mdogo wako. Tangu aolewe hapa Buyenzi anauza dagaa, huku wanaita ndagala, na hofu yake ni moja: mteja atafune asikie mchanga. Ufukweni mchanga haukwepeki. Yeye na wenzake walipoona kiwanja kikavu katikati ya maji, chenye upepo, kisicho na mbuzi wala vumbi la barabara, wakakodi mtumbwi. Walinzi wa mradi waliwasaidia kubeba makarai. Wiki iliyopita alinitilia ndagala kiganjani: "Tafuna, mutoto yangu. Unasikia muchanga?" Sikusikia. Nikamsifu. Ndipo akajaza gunia la harusi ya mdogo wetu Mwajuma, akalipakia kwenye meli ya Kigoma.

Mimi si mtu wa kupandisha sauti mikutanoni. Leo nilimuuliza mhandisi kwa nini hakuna kibao hata kimoja. Akasema kibao kingetia watu hofu. Nikauliza, nani alizungumza na wanawake wa ndagala kabla ya kujenga? Akasema kulikuwa na mkutano wa wadau. Ulifanyika hotelini, kwa Kifaransa. Walijua matope yana nini, la sivyo wasingeyazungushia ukuta. Na kila siku waliwatazama akina mama wakianika chakula juu yake, wakanyamaza.

Nilimkuta mama mdogo ufukweni, akishusha makarai. Nikamweleza. Mwenzake, Mama Chantal, akadakia: "Apana! Wanatufukuza tu. Wameona mahali ni pazuri."

Mama mdogo alikaa juu ya karai lililopinduliwa. Kisha akasema: "Wale walinzi, kila siku niliwapa ndagala. Walikataa kula. Mi nikazani wameshiba."

Mama Chantal akachukua jembe.

Walimwaga yote shimoni wakafukia. Kisha mama mdogo akaenda sokoni mwenyewe, meza kwa meza, kuwaambia wateja wake wasile. Mmoja alimwita mchawi. Mwingine akamuuliza, "Sasa we Zaina, sumu yako nayo aina muchanga?" Watu wakacheka. Yeye akaendelea na meza iliyofuata. Amerudi sauti imekauka, na neno lake kwako ni hili: "Ambia dada asipikie bibi arusi ile kitu. Na asiseme kwa watu ni mi nilituma."

Barua hii nampa dereva wa basi, aitangulie meli, ambayo inatarajiwa Kigoma Alhamisi. Kaka alipokee gunia asilifungue, asimpe jirani, asiwape kuku. Alirudishe kwa meli hiyo hiyo. Nataka lipimwe nikiwa nimesimama pale.

Nisalimie shangazi anayekukanda goti, na Mwajuma mwenyewe. Mwambie kitoweo cha harusi nitakitafuta kwingine. Fundi cherehani wa mlangoni kwetu naye umpe salamu, ila usimpe habari hizi.

Kibao kitawekwa Jumatatu. Nilimuuliza mhandisi kitaandikwa kwa lugha gani, akasema bado wanajadili. Mama mdogo amekwisha kununua rangi na brashi, na Mama Chantal ameshaagiza mtumbwi. Jumatatu hiyo tutavuka pamoja.

Mwanao,
Issa